Mishai Mia na Sitini

Jumatatu, 8 Machi 1993

Nimenunua daftari hili sokoni Lushoto kwa sababu mke wangu Jenoveva amechoka na barua zangu. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani Mlalo aliniambia, "Malalamiko mengine uwe unayaandika mahali ukayasome mwenyewe." Haya, nayaandika.

Mimi ni Nathanaeli, umri miaka arobaini na moja, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika tawi hili dogo la chuo kikuu huku mlimani. Miaka kumi na saba nilikuwa bwana miti wa serikali. Mwaka juzi walitupanga mstari kitaluni wakasoma majina ya waliopunguzwa kazini, langu likawa la tatu. Kitalu kikapewa mtu binafsi, naye akang'oa miche yote akapanda maua ya kuuza Dar es Salaam. Nikafanya mtihani wa watu wazima, na sasa nasomea ualimu darasa moja na watoto wanaoniamkia shikamoo kwanza ndipo waniombe notsi.

Leo serikali ya wanafunzi imetangaza cheo kipya, Katibu wa Mazingira. Kisa ni bomba. Kiangazi kilichopita maji yalikatika bwenini wiki tano tukawa tunaoga kwa zamu ya ndoo. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi iliyo juu ya jiko la chuo, na mteremko ulio juu ya chemchemi hauna mti hata mmoja. Uchaguzi ni tarehe nane Mei.

Bwaloni alinifuata Esteria, binti wa mwaka wa kwanza kutoka Bumbuli, ulimi wake mwepesi kuliko miguu. "Baba, gombea wewe. Hawa wengine wanaujua mti ukishakuwa meza."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nimechukua fomu.

Jumatano, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Paa la bweni linavuja juu ya kitanda changu tu.

Jumapili, 14 Machi

Mvua. Sikwenda kanisani, nilikaa dirishani kunusa udongo. Siku kama ya leo babu mzaa mama angetoka na jembe lake, mimi nyuma nimebeba miche ya mishai iliyofungwa kwa magome ya mgomba. Mshai ni mti mwema, kivuli chake chepesi, kahawa inaupenda, na mizizi yake haifyonzi maji kwa ulafi kama mkaratusi. Kazi yangu ilikuwa kushika mche usimame wima shimoni. Nikinyoosha mkono kusukuma udongo, babu ananipiga kikofi. "Wewe shika tu. Kufukia ni kwangu." Nilidhani ananiona mchafuzi wa kazi. Mmoja tu ndio alioniachia nifukie mwenyewe, ule wa kando ya njia, mwaka niliofaulu darasa la nne. Ilikuwa zawadi yangu, na nililala nimeshika jembe.

Babu hayupo. Mishai yake ipo, na ukungu wa asubuhi bado unanasa kwenye matawi yake kama zamani. Ninaukumbuka ule mkono wake wenye nyufa. Nikishinda, nitaupanda mteremko ule wote mishai.

Ijumaa, 19 Machi

Mshindani wangu amejulikana. Ni Mbaraka, kijana wa Tanga mjini, miaka ishirini na mitatu, koti la mitumba lililomkaa vizuri kuliko nguo zangu za dukani. Leo amehutubia bwaloni. "Mzee wetu ana historia ndefu," alisema, "lakini sisi wengine tuna safari ndefu." Wakapiga meza. Halafu akagawa mifuko ya rambo yenye jina lake kwa kalamu ya wino mzito, ili tutupie takataka. Mgombea wa mazingira anagawa rambo. Jioni hii hii nyingine nimeziokota kwenye mfereji, jina lake limeelea vizuri tu.

Kijana huyu simpendi, na sitaki kujidanganya kwamba ni kwa ajili ya mifuko.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Bi Mwanaisha, mpishi mkuu wa chuo, ameniletea sahani ya pilau hadi mlango wa darasa. Ni mjane, watoto wake wameolewa huko Vuga, na tangu nifike hapa ndiye mtu pekee anayeniita kwa Kishambaa, mghoshi, yaani mwanamume mwenzetu wa nyumbani. Hao wengine wananiita Mzee wa Miti.

"Maharage yako yanaendeleaje?" nikamuuliza. Huwa namwona jioni akipalilia kwenye mteremko juu ya chemchemi.

"Yameota, mghoshi. Mungu akinipa mvua hii mpaka Mei, na wewe utakula."

Chuo kimefanya vizuri kuwapa wapishi vibustani.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua.

Jumapili, 4 Aprili

Mvua. Esteria anasema kura zangu hazizidi ishirini, zikiwamo za walionihurumia.

Jumatatu, 12 Aprili, Mlalo

Pasaka nyumbani. Nimeshinda chini ya mishai ya babu nikiokota maotea, miche inayojiotea yenyewe. Jenoveva alichana magome ya mgomba, mimi nikafunga, mche mmoja mmoja na udongo wake. Tulipofika mia na sitini mgongo ulikataa.

"Unapanda kwenye shamba la nani?" akauliza.

"La chuo."

"Una hakika?"

"Jenoveva, nimeanza kupanda miti hujajua kusuka nywele."

Akaendelea kuchana magome. Niliishi kitaluni nikiuelewa mti mmoja mmoja, lakini kimya cha huyu mwanamke bado sijakielewa.

Jumamosi, 17 Aprili

Miche imepangwa nyuma ya jiko. Mbaraka alipita akasimama. "Mzee, magome ya mgomba? Nikuletee rambo mia na sitini, bure." Vijana wake wakacheka. Nikamwambia miche yangu haina jina la mtu. Wakacheka zaidi, lakini safari hii walikuwa wanamcheka yeye.

Jumamosi, 24 Aprili

Siku ya kuandikwa. Mvua ilitupisha asubuhi nzima. Esteria alileta wanafunzi thelathini na wawili, wengine hawajawahi kushika jembe, tukapanda mteremko mzima juu ya chemchemi, mishai mia na sitini kwa mistari, katikati ya matuta ya maharage. Bi Mwanaisha hakuwepo, amekwenda msibani Vuga tangu Alhamisi. Nikawaza, atarudi akute zawadi. Niliwafundisha watoto kukanyaga udongo kwa kisigino, taratibu. Nilijisikia kama zamani tulipokuwa tunapanda kwa mamia, tukiimba, na bwana mkubwa wa misitu akija kupeana mikono na kila mtu.

Wakishuka, walikuwa wanaimba jina langu. Esteria anasema kura sasa ni mia na zaidi. Nina furaha, basi.

Jumanne, 27 Aprili

Bi Mwanaisha amerudi. Sikumwona jikoni, nikamfuata shambani. Alikuwa amekaa juu ya jiwe chini ya shamba, khanga imelowa, yeye haingii shambani. Njiani palikuwa na fimbo mbili zimechomekwa kwa kupishana, na fundo la majani juu yake.

"Nani kapanda hivi?" akauliza bila salamu.

"Mimi. Na wanafunzi."

Aliniangalia muda mrefu. "Mghoshi, wewe ni Mshambaa au ulizaliwa ofisini?"

Ndipo akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Shamba si la chuo, ni la Mzee Shabani wa kijiji cha chini. Amemwazima masika tisa. Aliyeazimwa shamba analima maharage, viazi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hapandi, kahawa hapandi, mti ndio kabisa, kwa sababu mti hauondoki. Anayefukia mti ametangaza kwamba udongo ni wake. Mzee Shabani alipita Jumapili, akaona mistari ya miti kwenye shamba lake, akaamini Mwanaisha amewatumia watu wa chuo kumnyang'anya. Amefunga njia. Ijumaa ya wiki ijayo shamba anapewa mpwa wake alime kabichi za kupakia malori ya Dar es Salaam, na maharage yamo humo humo, yanatoa maua.

"Nilikwenda kumweleza, hakutoka nje," akasema. "Masika tisa, leo hata salamu yangu haitaki."

Nilikuwa nalijua hili. Nililijua tangu utotoni kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani. Miaka kumi na saba ya kupanda kwenye ardhi ya serikali, ambako hakuna wa kuuliza, ndiyo iliyonisahaulisha. Na ule mkono wa babu ulionipiga kikofi nimeuelewa leo, nimesimama kwenye matope. Mimi ni mtoto wa binti yake, wa ukoo mwingine. Hakuwa ananizuia kuchafua kazi.

Jumatano, 28 Aprili

Mvua. Sikuingia darasani.

Ijumaa, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Shabani na Esteria. Ni mzee mrefu, mkavu, kofia nyeupe, kikohozi. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kabla hajajibu. Nikamwambia kila kitu kwa Kishambaa, kwamba kosa ni langu peke yangu, Mwanaisha alikuwa msibani.

"Wewe wa wapi?"

"Mlalo, baba."

"Mlalo siku hizi hawafundishi watoto?"

Nikainamisha kichwa. Akasema mwaka jana mtu wa mjini alipanda miti ya migrivilea kwenye shamba la kaka yake, wakadhani ni wema, baadaye akaenda nayo baraza la kata kama ushahidi, akashinda. "Zamani mtu akikosea hapa, anakosea kwa ujinga. Sasa wanakosea kwa akili. Nitajuaje wewe ni yupi?"

"Niambie cha kufanya."

"Maneno hayang'oi mti. Aliyepanda aje ang'oe, kwa mkono wake, mchana, watu wanaona. Yote. Kabla ya Ijumaa."

Njiani Esteria alikuwa analia kwa hasira. "Baba, Jumamosi ni kura. Subiri Jumamosi ipite, Jumapili tunakuja kung'oa hata usiku."

"Ijumaa shamba linaondoka."

"Mgombea wa mazingira ang'oe miti mia na sitini mbele ya madirisha ya mabweni? Hata mimi nisingekupa kura."

Nakitaka kile cheo. Naomba niandike kweli hapa ambapo Jenoveva haoni, nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu wasome jina langu pale kitaluni. Nataka mtu mmoja aseme walikosea kuniondoa.

Jumapili, 2 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Vijana watatu wamenipa mikono, wananiita Katibu.

Jumanne, 4 Mei

Mvua, na upepo. Nimepita jikoni. Bi Mwanaisha alinipakulia ugali kama wengine, bila kuniita mghoshi.

Alhamisi, 6 Mei

Nimeng'oa.

Nilipanda mteremko saa nne, wakati wa mapumziko ya chai, makusudi. Mzee Shabani alikuwa ameshafika, amekaa kwenye jiwe juu kabisa, mwavuli umefunguliwa. Alikuwa amezichomoa zile fimbo mbili njiani, akaniachia nipite mimi peke yangu. Bi Mwanaisha alisimama nje ya shamba. Esteria alikuja na rundo la magome ya mgomba akasimama naye.

Nilianza mstari wa chini. Unaingiza vidole pande zote mbili, unatikisa, unavuta na udongo wake. Sikutaka kuiua. Kila mche nilimkabidhi Esteria, naye akafunga. Kufikia wa ishirini madirisha yote ya mabweni yalikuwa na vichwa. Kufikia wa hamsini wameshashuka, wamejaa kwenye ukingo wa shamba, na mtu nyuma akapaza sauti, "Katibu wa Jangwa huyo." Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeinama. Niliinama mpaka pua ikawa karibu na maharage, nikashukuru kwamba mvua inanyesha usoni.

Mbaraka akaja mbele. Nikajua ndiyo sasa. Lakini hakunisemesha mimi, alimwendea Bi Mwanaisha.

"Mama, shikamoo. Nimesikia habari yote. Mwambie mzee aache. Miti imeshaingia ardhini, wewe umelima hapa miaka tisa. Mimi nitakuandikia barua, mkuu wa chuo ataigonga muhuri, wanafunzi mia mbili hapa ni mashahidi. Shamba linakuwa lako leo. Siku hizi ardhi ni ya anayeiendeleza."

Hakuwa anatania. Nilimtazama usoni, alikuwa anataka kumsaidia kweli. Na alilosema lingewezekana. Juu kwenye jiwe, mwavuli haukutikisika.

Bi Mwanaisha alifunga khanga yake vizuri. "Mwanangu, ahsante," akasema. "Hapa nimelima kwa neno la mtu. Sikuandikishwa, sikudaiwa shahidi. Nikilichukua kwa barua, kesho nikikutana naye njiani nitamsalimia vipi?"

Akavua ndara zake. Akamtazama Mzee Shabani juu, yule akatikisa kichwa kukubali, naye akaingia shambani akaanza kung'oa upande wa pili. Mzee alisema aliyepanda ndiye ang'oe, lakini hakumzuia.

Tulimaliza saa saba. Mia na sitini. Mgongo wangu haukunyooka mpaka bwenini. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka kurudi darasani, isipokuwa Mbaraka, aliyekuwa amesimama palepale, koti lake la mitumba limelowa chapachapa. Alibeba mzigo mmoja wa miche hadi nyuma ya jiko.

Ijumaa, 7 Mei

Hotuba za mwisho. Niliposimama walinizomea, nikakaa. Bwaloni Bi Mwanaisha aliniongezea mchuzi. "Kula, mghoshi."

Jumamosi, 8 Mei

Mbaraka kura 231. Mimi 38. Esteria anasema tulikadiria ishirini, kwa hiyo tumepanda. "Kiuchaguzi, Baba, tumepanda." Nimecheka, halafu nikaenda msalani nikajifungia nikalia kidogo kama mtoto. Sasa limekwisha.

Alhamisi, 13 Mei

Mvua imepungua. Miche kumi na tisa imekufa, mingine imesimama. Nainyweshea asubuhi na jioni, sijui kwa ajili ya nani.

Jumatatu, 17 Mei

Katibu wa Mazingira amebisha hodi chumbani kwangu. Amekaa kwenye kitanda changu pale panapovuja. Anataka nimfundishe kufunga mche kwa magome ya mgomba. "Rambo zile niliziona kwenye mfereji, mzee," akasema. "Niliziona siku ileile, nikaona haya kuziokota."

Nimemfundisha. Ana vidole vizuri. Wakati tunafunga nilimsimulia kitalu chetu, mistari ya miche ya mikulo na mierezi hadi kwenye ukungu, na kengele ya reli tuliyoigonga saa ya kunywesha. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimemkosea huyu kijana, nilimchukia kwa sababu ana miaka ishirini na mitatu.

Jumapili, 23 Mei

Ukungu siku nzima. Bi Mwanaisha anasema mpwa wa Mzee Shabani amepewa shamba lingine, la bondeni.

Jumamosi, 29 Mei

Asubuhi Mzee Shabani alifika jikoni na jembe begani, koti kuukuu, kofia nyeupe. Akaniulizia. "Bwana Miti yuko wapi?" Miaka miwili sijaitwa hivyo.

"Ile miche yako imekufa?"

"Kumi na tisa tu, baba. Mingine hii hapa."

Aliikagua mmoja mmoja, akikohoa. "Chemchemi ile nikiwa mtoto tulikuwa tunaingia mpaka kiunoni," akasema. "Miti iliyoizunguka aliikata baba yangu kupanda kahawa, kahawa nikaing'oa mimi bei ilipoanguka. Kila mtu alikuwa na sababu." Akanyooka. "Lete arobaini, ya kuzunguka maji. Mvua hizi ndizo za mwisho."

Tulipanda wanne, mimi, Mbaraka na mizigo, Bi Mwanaisha na ndoo. Mzee alichimba mwenyewe shimo la kwanza. Niliweka mche, na kwa mazoea nikasukuma udongo kwa mguu. Akanigonga kifundo kwa mpini wa jembe, wala si kwa nguvu.

"Wewe shika tu."

Nikashika. Mtu wa miaka arobaini na moja, miaka kumi na saba kazini, nimechuchumaa nimeshika mche kwa vidole viwili, na mzee anafukia, na udongo ule ule unanukia. Kama ningefumba macho ningekuwa Mlalo. Mbaraka alitaka kucheka, akaniona uso, akageukia kumwaga maji.

Ulipofika wa arobaini, ule wa juu kabisa, unaopakana na matuta ya maharage, Mzee Shabani alichimba shimo, akasimama, akaegemea jembe.

"Mwanaisha."

"Abee, baba."

"Huu fukia wewe."

Hakusogea. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye umati na hana hakika. Mbaraka akaninong'oneza, "Kuna nini?" Nikamwambia anyamaze.

"Baba, huu ni mti," Bi Mwanaisha akasema.

"Najua ni mti. Nina macho. Fukia, mvua inakuja."

Akapangusa mikono kwenye khanga, akapiga magoti. Nilimshikia mche usimame wima. Alifukia kwa viganja, taratibu sana, hakutumia mguu, na alipomaliza alibaki ameweka mikono juu ya udongo. Mzee Shabani alikuwa ameshageuka, anashuka zake akikohoa.

Jioni nimekula maharage mabichi ya Bi Mwanaisha, sahani mbili. Halafu nikakaa kumwandikia Jenoveva. Ule mshai wa kando ya njia, alioniachia babu nifukie nikiwa darasa la nne, ndio uliokuja kuwa kivuli cha nyumba yetu. Tulipoanza kujenga pale, wajomba zangu hawakuuliza hata neno, na mimi nilidhani ni ukarimu wao tu. Nimemwandikia kwamba kiwanja kile alinipa babu mwaka 1963 na mimi nimejua leo. Barua ina kurasa mbili, haina lalamiko hata moja.